Jukwaa Tupu: Kwa Nini Timu ya Besiboli Inayofungwa Hukimbiwa na Mashabiki

Tarehe 17 Aprili 1979 klabu ya Oakland Athletics, huko California, iliikaribisha Seattle Mariners katika uwanja wenye nafasi ya watu takriban 50,000. Mahudhurio yaliyotangazwa siku hiyo yalikuwa watu 653. Katika uwanja wa ukubwa ule, watu 653 hawajazi hata kona moja. Mpira ukigonga glavu ya mdakaji, mlio wake unafika hadi safu za juu kabisa, kwa kuwa hakuna kelele za kuumeza.

Klabu hiyo haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa imetwaa ubingwa wa World Series, yaani fainali ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, mara tatu mfululizo, mwaka 1972, 1973 na 1974. Kisha wachezaji wakapata haki ya kuhama mikataba yao inapokwisha, mmiliki Charlie Finley hakutaka kulipa bei mpya ya soko, na nyota wakaondoka: Reggie Jackson, Rollie Fingers, Joe Rudi, Sal Bando. Msimu wa 1979 timu ilishinda mechi 54 na kupoteza 108. Mwaka mzima walioingia uwanjani walikuwa 306,763.

Jibu la haraka ni kwamba timu ilikuwa mbovu na watu hawapendi timu mbovu. Ni kweli, lakini jibu hilo linakwama mwaka mmoja tu mbele. Mwaka 1980 akaja meneja mpya, Billy Martin, akakuta kikosi ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa kilekile cha vijana waliochapwa mwaka uliotangulia. Walishinda mechi 83, wakapoteza 79. Hayo ni matokeo ya timu ya katikati, isiyokaribia ubingwa. Hata hivyo mahudhurio yalipanda hadi 842,259, karibu mara tatu. Kuna kitu watu walirudi kukinunua, na hakikuwa kombe.

Nimekuwa nikiifuatilia besiboli kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoipekua historia yake ndivyo ninavyozidi kuamini jambo hili: shabiki wa mchezo huu amezoea kufungwa kuliko mashabiki wa michezo mingi. Kinachomtoa jukwaani ni pale anapokosa sababu ya kuamini kwamba kipigo cha leo kinaelekea mahali fulani.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, maarufu kama MLB, kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, 81 kati ya hizo nyumbani, karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Seattle Mariners ya mwaka 2001 ilishinda mechi 116, rekodi ambayo hakuna timu iliyowahi kuivuka, na bado shabiki wake alishuhudia vipigo 46. Kwa upande wa pili, Chicago White Sox ya 2024 ilipoteza mechi 121, idadi kubwa kuliko ya timu yoyote tangu mwaka 1900, na bado ilishinda mara 41. Watu wa mchezo huu wana msemo wa siku nyingi kwamba kila timu itashinda 60 na kufungwa 60, kazi iko kwenye zile zinazobaki. Kwa hiyo mtu anayekwenda uwanjani jioni ya Jumanne anajua fika kwamba huenda atarudi nyumbani na kichapo. Amelikubali hilo tangu utotoni.

Asichokubali ni mbio zikiisha mapema. Mwaka 1956 mwanauchumi Simon Rottenberg aliandika makala kuhusu soko la wachezaji wa besiboli, na ndani yake akaeleza wazo ambalo wasomi wa uchumi wa michezo wanalijadili hadi leo: watazamaji huja kwa sababu matokeo hayajulikani. Ukiwa na uhakika wa nani atashinda, burudani inapungua thamani. Watu wengi huliangalia wazo hili kwa mechi moja moja. Mimi naona katika besiboli linauma zaidi kwa msimu mzima. Mechi moja ya timu mbovu bado ina mashaka ya kutosha. Hata White Sox ya 2024 ilishinda kwa wastani moja kati ya kila nne. Lakini timu ikishafika katikati ya Mei ikiwa imeachwa mechi 15 nyuma ya kinara, kuna mechi zaidi ya 100 mbele ambazo hazibadilishi chochote. Ni miezi minne ya kucheza bila swali. Shabiki wa timu iliyo kwenye mbio anaamka asubuhi na kuangalia wapinzani wamefanyaje usiku. Wa timu iliyokwisha hana cha kuangalia.

Hapo ndipo wengi wanapodhani viti huanza kuwa vitupu papo hapo. Havianzi. Kinachonivutia zaidi katika hesabu za mahudhurio ni jinsi zinavyochelewa, na White Sox hao hao ni mfano mzuri. Mwaka 2005 walitwaa ubingwa wa World Series kwa kuifunga Houston Astros mechi nne bila jibu. Msimu huo walipata watazamaji 2,342,833. Mwaka uliofuata walishinda mechi 90, wakashindwa kabisa kuingia kwenye hatua ya mtoano, na mahudhurio yakapanda hadi 2,957,414. Mwaka wa kombe walipata wachache, mwaka wa kukosa walipata wengi.

Siri yake iko kwenye tiketi za msimu. Mhimili wa mapato ya uwanjani ni watu wanaolipia viti vya msimu mzima, au sehemu kubwa ya msimu, kabla hata mpira wa kwanza haujarushwa. Uamuzi huo hufanywa wakati wa baridi, na unatokana na picha mtu aliyobaki nayo kichwani tangu Oktoba. Aliyeona gwaride la ubingwa hufungua pochi. Aliyeona timu ikiburuza mkia huanza kupiga hesabu upya.

Hesabu yenyewe ni ya kikatili. Mtu ana viti viwili alivyovilipia mapema kwa bei kamili. Haiwezekani kwenda mechi zote 81, kwa hiyo kwa miaka yote amekuwa akienda baadhi na kuuza nyingine. Timu ikiwa nzuri, tiketi anazouza zinarudisha pesa, wakati mwingine na faida juu. Timu ikiharibika, anaziweka mtandaoni na hazinunuliki, au zinanunuliwa kwa sehemu ndogo ya alicholipa. Halafu jioni moja anakaa kitini pake, anamuuliza jirani aliyekaa kiti kinachofuata amelipa kiasi gani, na anagundua kwamba yule aliyeamua kuja saa mbili zilizopita amelipa robo ya alicholipa yeye. Tangu hapo uaminifu wake unamgharimu, na kila mechi inamkumbusha. Ikifika Januari barua ya kulipia upya inakaa mezani bila kujibiwa.

Mtu huyo akishaondoka, kumrudisha ni kazi nzito, maana amejifunza kwamba hahitaji kulipa mapema. Kwa hiyo msimu mbaya wa leo unaonekana kwenye viti vya mwaka kesho, na misimu mitatu mibaya inaendelea kulipwa hata baada ya timu kuanza kushinda. Idadi zinazotangazwa zenyewe zinaficha ukubwa wa jeraha, kwa sababu klabu huhesabu tiketi zilizotoka badala ya watu waliopita getini. Ukisikia wametangazwa watu 12,000 na kamera ikaonyesha safu kwa safu za viti vitupu, hujadanganywa na macho yako. Tiketi zimelipiwa, wenyewe wamebaki nyumbani.

Kuna upande wa moyo pia, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuona kitu haraka. Sikiliza watu wakizungumza baada ya mechi: timu ikishinda, ni "tumeshinda", ikipigwa, ni "wamefungwa". Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hilo hilo katika vyuo vikuu saba vya Marekani. Waligundua kwamba Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo, na wakizungumza juu ya ushindi walitumia "sisi" zaidi kuliko walipozungumza juu ya kipigo. Walichunguza mchezo mwingine, futiboli ya Kimarekani, lakini tabia ni ile ile. Timu ni nguo tunayovaa mbele za watu. Ikichakaa tunaiweka kabatini.

Sasa chukua tabia hiyo uiweke juu ya mtoto wa miaka minane anayechagua kofia ya kuvaa shuleni. Klabu inayofungwa miaka miwili inapoteza wateja. Inayofungwa miaka kumi na zaidi inapoteza kizazi, na mfano mkubwa wa hilo ni Pittsburgh Pirates.

Tarehe 14 Oktoba 1992 Pirates walikuwa mjini Atlanta, mechi ya saba ya kuwania nafasi ya World Series, wakiongoza 2–0 na kubakiza nusu ya mwisho ya iningi ya tisa, raundi ya mwisho ya mchezo. Atlanta wakapata pointi tatu. Ya tatu ilifungwa na Sid Bream, mtu mzito wa mbio aliyewahi kuichezea Pirates, akiteleza kwenye vumbi la kituo cha nyumbani huku mpira uliorushwa na Barry Bonds kutoka mbali kushoto ukichelewa kwa nukta. Bonds akahamia San Francisco. Tangu 1993 hadi 2012 Pirates walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamefungwa zaidi ya walivyoshinda. Hakuna klabu nyingine ya kulipwa katika michezo mikubwa ya Amerika Kaskazini iliyowahi kufika huko. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kile kipigo cha Atlanta alimaliza sekondari bila kuona msimu hata mmoja wa heshima.

Katikati ya jangwa hilo, mwaka 2001, klabu ilifungua uwanja mpya, PNC Park, kando ya Mto Allegheny, na kuta za majengo ya katikati ya jiji zikionekana ng'ambo. Wengi wanautaja kuwa miongoni mwa viwanja vizuri kuliko vyote vya mchezo huu. Timu ilipoteza mechi 100 mwaka huo, na watu 2,464,870 walikuja. Mwaka uliofuata wakaja 1,784,988. Viongozi wa klabu na wa miji wanapenda kuamini kwamba uwanja mpya unatibu timu mbovu. Unatibu kwa msimu mmoja. Watu huja kuona jengo, wakishaliona wanauliza timu iko wapi.

Halafu ikafika tarehe 1 Oktoba 2013. Pirates walikuwa wameshinda mechi 94, na walikuwa wenyeji wa Cincinnati Reds katika mechi moja ya kufa na kupona. Walikuja watu 40,487, wengi wao wakiwa wamevaa nyeusi kuanzia kofia hadi viatu. Video ya iningi ya pili nimeitazama mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Marlon Byrd wa Pirates amekwisha kupiga homurani, yaani pigo linaloutoa mpira nje ya eneo la mchezo, na uwanja mzima unaanza kumwimba mrusha mpira wa Reds, Johnny Cueto, kwa jina lake, silabi zikivutwa taratibu kama watoto wanavyomzomea mwenzao. Cueto amesimama juu ya kichuguu cha kurushia. Mpira unamponyoka, unadondoka miguuni. Kelele zinapanda. Anauokota, anarusha, na Russell Martin wa Pirates anaupiga moja kwa moja hadi jukwaani. Pirates walishinda 6–2.

Waliopiga kelele zile walikuwa watu waliosubiri miaka 21, na mtu hawezi kusubiri hivyo kama hakupenda. Wakati viti vilipokuwa vitupu, mapenzi yalikuwepo. Yalikuwa yamekaa nyumbani yakingoja kuitwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba shabiki asiyekuja timu ikifungwa si shabiki wa kweli.

Zipo timu zinazofungwa na bado zinajaza. Chicago Cubs hawakutwaa ubingwa tena baada ya ule wa 1908 hadi walipoupata 2016, lakini uwanja wao wa Wrigley Field, uliofunguliwa 1914, umekuwa kivutio chenyewe: ukuta uliofunikwa na majani ya mmea mtambazi, mtaa wenye uhai pande zote, na mechi za nyumbani zilizochezwa mchana tu hadi taa zilipowashwa Agosti 1988. Mwaka 1999 Cubs walipoteza mechi 95 na wakapata watazamaji takriban milioni 2.8. Colorado Rockies walifungwa mara 119 mwaka 2025, na bado waliingiza zaidi ya milioni 2 kwenye uwanja wao wa Denver wenye mandhari ya milima. Mahali pa namna hiyo mchezo ni sehemu tu ya jioni nzuri. Tampa Bay Rays ni kinyume chake: mwaka 2019 walishinda mechi 96 na kuingia kwenye mtoano, wakapata watazamaji wasiofika milioni 1.2, wakicheza ndani ya jengo lililofunikwa huko St. Petersburg, ng'ambo ya ghuba kutoka kwa wakazi wengi wa Tampa. Ushindi haukulifupisha daraja la kuvuka baada ya kazi.

New York Mets ya 1962 ndiyo ninayoipenda zaidi katika kundi hili. Ilikuwa klabu mpya kabisa, ikafungwa mechi 120, na watu 922,530 wakaja kuitazama. Lakini New York ilikuwa imeporwa timu mbili, Dodgers na Giants, zilizohamia California baada ya msimu wa 1957. Kwa watu wale Mets ilikuwa mwanzo. Mtoto anayejifunza kutembea haonewi aibu akianguka. Miaka saba baadaye klabu hiyo ilitwaa ubingwa.

Wakati mwingine mtu mmoja anatosha. Detroit Tigers walipoteza mechi 102 mwaka 1975. Mwaka uliofuata alitokea kijana wa miaka 21, Mark Fidrych, mwenye nywele za kusokotana, aliyekuwa akipiga magoti kwenye kichuguu na kukisawazisha kwa viganja vyake, aliyeuzungumzisha mpira kabla ya kuurusha, na aliyekwenda kuwashika mikono wenzake waliodaka vizuri. Tigers walimaliza na vipigo 87, bado timu mbovu. Lakini mechi 18 alizoanza Fidrych nyumbani ziliingiza zaidi ya watu 600,000, ilhali mechi zote za nyumbani za mwaka huo kwa pamoja ziliingiza takriban milioni 1.47. Siku za zamu yake watu walijua kuna kitu cha kuona. Mwaka uliofuata aliumia, na hakuwahi kurudi kuwa yule yule.

Ukiiweka mifano hii pamoja unaona kwamba mashabiki wana uvumilivu mwingi kuliko wanavyosifiwa. Uvumilivu huo una mpaka mmoja, nao ni kuuzwa.

Kisa kibaya kuliko vyote kilitokea mwaka 1899. Ndugu wawili, Frank na Stanley Robison, walikuwa wamiliki wa Cleveland Spiders, timu nzuri tu. Wakainunua na klabu ya St. Louis, jambo lililoruhusiwa wakati huo, wakaona St. Louis kuna soko kubwa zaidi, na wakawahamishia huko wachezaji wao bora wote, akiwemo mrusha mpira Cy Young. Cleveland iliachiwa makapi. Spiders walishinda mechi 20 na kupoteza 134. Watu wa Cleveland hawakuhitaji kuelezwa kilichofanyika: katika mechi 42 za nyumbani walikuja watu 6,088 kwa ujumla, wastani wa 145 kwa mechi. Mgao wa wageni kutoka getini haukutosha hata nauli, timu nyingine zikagoma kwenda Cleveland, na Spiders wakawa wanazunguka miji ya watu kama kichwa cha mwendawazimu, kila mmoja akijifunzia kunyoa. Walifungwa mara 101 ugenini. Msimu ulipoisha ligi iliifuta klabu.

Kumiliki klabu mbili kumepigwa marufuku, lakini hisia ile haijafa. Florida Marlins walitwaa World Series mwaka 1997, na ndani ya miezi michache mmiliki wake, Wayne Huizenga, akaanza kuwauza nyota ili kupunguza gharama. Mwaka 1998 walifungwa mechi 108, na mahudhurio yakashuka kutoka zaidi ya milioni 2.3 hadi takriban milioni 1.7. Montreal Expos walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote mwaka 1994 wakati mgomo wa wachezaji uliposimamisha msimu mwezi Agosti. World Series ikafutwa, na kabla ya msimu uliofuata kuanza klabu ikawa imewapoteza Larry Walker, Marquis Grissom, Ken Hill na John Wetteland. Mwaka 2001 waliingiza watu 642,745 tu, na mwaka 2005 klabu ikahamishiwa Washington. Huko Montreal watu walifundishwa kwamba timu ikikaribia kilele itavunjwa. Nani angelipia somo hilo mara ya pili?

Msomaji aliyezoea kandanda atauliza: mmiliki haogopi kushuka daraja? Katika MLB hakuna kushuka daraja. Klabu 30 zile zile zitarudi mwaka kesho hata zikifungwa mechi zote. Juu ya hapo, pesa za televisheni za kitaifa hugawanywa sawa, na asilimia 48 ya mapato ya ndani ya kila klabu huingia kwenye chungu kimoja kisha kugawanywa kwa wote. Nia ilikuwa njema, kuzisaidia klabu za miji midogo zishindane na New York na Los Angeles. Lakini matokeo yake ni kwamba mmiliki anaweza kukaa na jukwaa tupu, akalipa mishahara midogo, na asifilisike. Watu wengi huelezea mzunguko wa kawaida: kufungwa kunapunguza tiketi, tiketi zinapunguza mapato, mapato yanapunguza usajili, na usajili hafifu unaleta vipigo zaidi. Mzunguko huo upo. Kinachousaidia uendelee ni kwamba anayeumia kwanza ndani yake mara nyingi ni shabiki, na mmiliki anaumia mwisho, kama anaumia.

Kuna pia wanaofungwa kwa mpango. Timu zilizofanya vibaya zimekuwa zikipewa kipaumbele cha kuchagua vijana wapya, kwa hiyo baadhi ya klabu zimeamua kuvunja kikosi na kuvumilia vipigo ili zivune baadaye. Houston Astros walifungwa mechi 106, 107 na 111 kati ya 2011 na 2013, na Septemba 2013 mechi yao moja ya televisheni ilirekodi kiwango cha utazamaji cha 0.0 katika jiji lao. Chaneli yenyewe ilikuwa haipatikani katika nyumba nyingi, lakini aibu ilibaki. Mwaka 2017 walitwaa ubingwa, ambao baadaye ulitiwa doa na kashfa ya kuiba kwa kamera ishara ambazo mdakaji wa wapinzani humpa mrusha mpira wake. Klabu nyingine zilipojaribu kuiga, ligi ikaleta bahati nasibu ya nafasi za juu za uchaguzi, ya kwanza ikifanyika Desemba 2022. Binafsi naona mpango wa namna hiyo unavumilika pale tu klabu inapouelezea waziwazi na vijana wenyewe wanapoanza kuonekana uwanjani. "Mvumilivu hula mbivu" ni neno zuri kwa aliyeuona mti.

Oakland, tulikoanzia, ndiko nilikoona mpaka wa uvumilivu wa mashabiki ukichorwa wazi kuliko kwingine. Mwaka 2023 Athletics walikuwa tena wabovu kupindukia: vipigo 112, watazamaji 832,352, wachache kuliko wa klabu yoyote. Mmiliki, John Fisher, alikuwa akitafuta kuihamishia klabu Las Vegas, na viti vitupu vikawa vinatajwa kama ushahidi kwamba mji hauipendi timu. Mashabiki wakajibu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Badala ya kugoma, walipanga kuja. Tarehe 13 Juni, siku ya Jumanne, walikuja 27,759, wengi wakiwa na fulana za kijani zenye neno moja tu la kumtaka mmiliki auze. Iningi ya tano ilipoanza uwanja wote ulinyamaza kimya kwa mpigaji wa kwanza, kisha ukalipuka: uza timu, uza timu. Athletics waliifunga Tampa Bay Rays 2–1 usiku ule. Klabu iliondoka Oakland hata hivyo, baada ya msimu wa 2024, na mechi ya mwisho ya nyumbani ilijaza zaidi ya watu 46,000.

Ninapofikiria Oakland huwa naikumbuka Baltimore ya 1988. Orioles walianza msimu ule kwa kufungwa mechi 21 mfululizo. Meneja alifukuzwa baada ya mechi sita, na haikusaidia. Walipopata ushindi wa kwanza huko Chicago walifungwa tena mara mbili, wakarudi nyumbani tarehe 2 Mei wakiwa na ushindi mmoja na vipigo 23. Mji ule ulikuwa na kidonda kibichi: mwaka 1984 timu yake ya futiboli, Colts, ilikuwa imepakiwa kwenye malori usiku na kuhamishiwa Indianapolis, na wengi walihofu Orioles watafuata. Usiku ule wa Mei waliojitokeza kuipokea timu mbovu kuliko zote ligini walikuwa 50,402. Kabla ya mechi, gavana William Donald Schaefer alisimama mbele yao akatangaza kwamba klabu imesaini mkataba mrefu wa kubaki Baltimore, katika uwanja mpya utakaojengwa katikati ya jiji. Wakashangilia kama waliotwaa kombe. Orioles wakaifunga Texas Rangers, kisha wakaendelea kufungwa hadi mwisho wa msimu, jumla vipigo 107. Mwaka huo waliokuja kuwatazama nyumbani walizidi milioni 1.6.